Misa ya Marehemu wa Pologne

Wiki hii, kwenye bureau ya parokia huku Vulamba, niliona jambo ambalo bado halijanitoka moyoni. Mbele yangu alisimama binti wa chuo kikuu, amekumbatia kitabu kifuani, akiomba misa ya marehemu.

"Ni wa famiye yenu?" karani akamuuliza.

"Hapana. Ni muandikaji. Mu vitabu vyake, hata manyumba na viatu vinaota ndoto. Njo ye alinifundisha kuandika."

"Alikufa na nini?"

"Basoda balimupiga masasi ya bunduki mu barabara. Alikuwa anarudia tu kwake."

Kalamu ya karani ikasimama. Mama mmoja akainuka kwenye benchi, akamshika binti mikono yote miwili.

"Pole sana, mwana wangu. Ni mu vita ya ku Beni, ama ya ku Mutwanga?"

"Ni ku Pologne, mama. Kule Ulaya, mu vita ya zamani. Hata mama yangu alikuwa hajazaliwa."

Nilidhani mama ataiachia ile mikono, pengine hata acheke. Hakuiachia.

"Na balimuzika wapi?"

"Hapana mutu anajua."

"Sawa vile bwana yangu. Hata ye, hapana mutu anajua kwenye balimuzika," mama akasema polepole. Kisha akamgeukia karani: "Ubaandike bote mu misa moja."

Karani akaandika.

Binti aliniambia mlangoni kwamba walimu wake wanamlalamikia mwandishi yule: eti ni mgumu, hata Ulaya wanaomwelewa ni wachache. Mimi kilichonishtua ni jinsi alivyoeleweka upesi hapa kwetu.