Injini Niliyoinunua kwa Ng'ombe wa Urafiki

Nilikuwa karani wa kununua kahawa, na nilikuwa na elimu ya sekondari wakati ambapo wenye elimu hiyo katika Karagwe nzima tulijuana kwa sura. Nadhani hiyo nayo ilichangia kuniharibu. Nilizoea kuona kwamba nikishafanya hesabu kwenye karatasi, hakuna haja ya kumuuliza mtu.

Miaka ya hamsini, kahawa ilipokuwa na bei nzuri, nilinunua jipu kuukuu lililotoka jeshini, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Nikawa nabeba kahawa za wakulima kutoka Rugu na Igurwa hadi ghalani. Kiangazi lilikwenda vizuri. Masika, ukishavuka bonde la Kiruruma na kuanza kupanda, lilihema na kusimama katikati ya mlima likiwa na magunia sita tu. Siku moja mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alinipita, akageuka na kuuliza, "Mwanangu, nikawaambie huko mbele kwamba unakuja?"

Niliona aibu. Wiki hiyo hiyo nikaenda Bukoba kwa fundi.

Fundi aliongea nami akiwa amelala chini ya gari. "Bwana karani, injini hii haijafa, imechoka. Nisage vali, nibadilishe ringi za pistoni, nawe upunguze mzigo. Utapanda."

"Mimi nataka nguvu," nikasema.

Akatoka, akajifuta mikono, akanionyesha injini ya lori ya silinda sita iliyokuwa uani kwake. "Nguvu ni hiyo. Lakini ukiitia humu, rejeta yako haitoshi, klachi haitoshi, springi za mbele zitalala. Habari ya ekseli usiniulize kabisa."

Njia nzima ya kurudi nilipima. Kwetu jambo kubwa tulilipima kwa ng'ombe. Vali na ringi zingekula dume mmoja. Injini ya silinda sita na vyote vilivyoifuata ingekula ng'ombe wanne. Zizini kwangu walikuwamo wanne, ila wa nne hakuwa wangu hasa.

Huyo nilipewa na rafiki yangu, mfugaji wa upande wa Kyerwa, baada ya kumwandikia barua zilizofanya mifugo yake iliyozuiwa na karantini iachiliwe. Tangu hapo tuliitana munywani, rafiki wa kufa na kuzikana. Ng'ombe wa namna hiyo huunganisha nyumba mbili. Akizaa, mwenzako anapata habari. Akifa, unampelekea taarifa kabla hujamchuna. Kumuuza bila kumwambia aliyekupa ni sawa na kumfukuza nyumbani kwako.

Mke wangu aliponiona namfunga kamba kwenda mnadani aliuliza swali moja tu. "Mwenyewe umemwambia?"

"Nitamwambia gari likishapanda mlima."

Likapanda. Siku ya kwanza nilipita Kiruruma na magunia kumi, likinguruma hadi watoto wakakimbia migombani. Nilicheka peke yangu kwenye usukani. Lilikunywa petroli kupita kiasi, lakini sikutaka kuliona hilo.

Munywani wangu alikuja kutusalimia wiki ile. Tukala, tukaongea, kisha akauliza, "Ng'ombe wetu hajambo?"

"Hajambo. Yuko kwa shemeji yangu, huko majani ni mazuri."

Nilisahau nasema na nani. Wafugaji humjua ng'ombe mmoja mmoja kama sisi tunavyojua sura za watoto wetu. Haukupita muda akamwona mahali pa kunyweshea maji, ndani ya kundi la mtu mwingine. Akamwita kwa jina, naye akainua kichwa.

Aliporudi kwangu hakuketi. Gari lilikuwa limesimama uani, ekseli imekatika kwenye tope kama fundi alivyohofia. Akalizunguka polepole.

"Kumbe huyu ndiye aliyemla ng'ombe wetu."

"Ndiye."

"Amenenepa?"

"Amevunjika mguu."

Hakucheka. "Ungeniambia, ningekupa dume langu ukatengeneza gari lako. Wewe ukanificha. Anayefichwa mali ni mwizi. Mimi nilikuibia nini?"

Aliondoka bila kuonja hata maji ya nyumba yangu.

Injini ile kubwa niliiuza kwa mtu mwenye mashine ya kupasua mbao. Fedha yake ikatosha ekseli, na kurudisha injini ya zamani ikiwa imesagwa vali kama nilivyoshauriwa mwanzo. Jipu likapanda mlima wa Kiruruma na magunia sita, bila kelele. Yaliyobaki niliyarudia safari ya pili. Ilikuwa rahisi kiasi hicho, na jambo hilo liliniuma kuliko hasara.

Kisha nikamwendea aliyemnunua ng'ombe. Alikataa kumtoa, kwa kuwa ng'ombe yule alikuwa na maziwa. Lakini nilikuwa nimemuuza akiwa na mimba, na sasa alikuwa na ndama jike. Nilimbembeleza hadi akakubali kunipa huyo ndama akiachishwa, nami nimbebee kahawa yake bure msimu mzima. Nikabeba.

Nilimswaga ndama kwa miguu siku mbili hadi kwa munywani wangu. Nilimkuta zizini. Nikamweleza yote, kuanzia mnadani, bila kujitetea. Alimpitishia ndama mkono mgongoni, akamtazama miguu, akamfungua mdomo.

"Mama yake ana maziwa?"

"Anayo."

Akamwita mkewe. "Lete maziwa, tuna mgeni."

Neno hilo lilinichoma, maana zamani hakuniita mgeni. Hata hivyo maziwa yalikuja, nikayanywa yote.

Nilipoaga alinisindikiza hadi nje ya boma. Tulikwenda hatua nyingi. Ndipo akauliza kama gari langu linaweza kufika huku kiangazi hiki, kwa kuwa mkewe ni mjamzito na hospitali iko mbali.

"Linaweza," nikamwambia. "Polepole."

"Polepole inatosha," akasema. "Njoo kabla mwezi haujaandama."