Jiwe la Apolonia Laenda Ukweni

Apolonia wa Ngokolo, pale Shinyanga mjini, alikuwa na pikapu yenye tabia ya mbuzi wa jirani: ukiipa mgongo tu, imeondoka. Siku moja kule Nkome, kwenye mwalo wa wavuvi alikokuwa akifuata dagaa, iliteremka yenyewe polepole mpaka magurudumu ya mbele yakaingia ziwani. Waliokuwepo wanaapa kwamba ilikunywa maji ikashiba, ikapiga chafya, ikatulia kumsubiri mwenyewe. Ndipo Apolonia alipookota jiwe pale ufukweni, jiwe la duara, kubwa kama boga la kulisha msiba mzima, akalipa makao chini ya kiti cha abiria. Tangu hapo, kila aliposimama penye mteremko aliruka chini na jiwe lake kifuani, akashindana mbio na gari lake mwenyewe, na mara zote alishinda. Handbreki ilikuwepo, haikuwa kwamba haipo. Ila ukiivuta ilipanda mpaka kwapani bila kushika chochote, kwa hiyo alikuwa akiitundikia mkoba.

Jiwe lile halikumletea aibu hata siku moja, mpaka lilipokwenda ukweni.

Luka, mtoto wa kaka yake Samwel, alikuwa amelelewa na Apolonia tangu akiwa na meno mawili. Alipompata Aneth, binti wa watu wa Ushirombo, shangazi mtu alikataa lori la kukodi. "Huyu nimembeba mgongoni," alisema, "na ukweni nitampeleka mwenyewe." Wakaenda kujitambulisha. Boma la akina Aneth liko juu ya kilima. Apolonia akasimamisha gari langoni, na mazoea yakamtangulia: akaruka chini amekumbatia jiwe.

Sasa, kwa wazee wa boma lile, mgeni wa posa haji na kitu cha kupigia mkononi. Hata fimbo ya kuchungia huachwa nje ya lango. Na aliyekuwa amekaa pale langoni akichambua mbaazi ni Bibi Mektilda, nyanya wa Aneth, mwenye ulimi unaoweza kumenya viazi. Akamwona mwanamke mnene, mwenye kitenge kipya, anamjia mbio na jiwe.

"Mmekuja kuoa au kubomoa?" akauliza.

Maelezo hayakusaidia. Wageni walirudishwa bila kupewa hata maji. Baada ya ujumbe kwenda na kurudi, Mzee Otmar, baba wa Aneth, alikubali waje mara moja tu tena: waje na mtamba wa kuomba radhi, na jiwe lisionekane. Wakija vibaya tena, Aneth ana wachumba wengine.

"Basi nikodi lori," Samwel alisema. "Lina dereva, dada. Dereva mwanamume."

"Lina masharubu pia?" Apolonia alimjibu. "Gari litakwenda langu, na nitashuka mikono mitupu."

Alikwenda nyuma ya nyumba, akautoa mkoba kwenye handbreki, akaingia chini ya gari na spana. Waya wa handbreki una nati inayoukaza. Akaikaza kama anayefunga gunia la pamba. Akavuta mkono wa breki: ukapanda kidogo tu, ukakaza kabisa! Apolonia akacheka peke yake chini ya gari. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anabeba jiwe bure.

Akaondoka kwenda kulijaribu barabara ya Isaka. Alipofika Isaka kwenyewe, gurudumu la nyuma lilikuwa linafuka moshi, na harufu yake, wanasema, iliwafikia abiria wa treni wakafunga madirisha. Pale kwenye malori yanayosubiri mizigo alikuwepo Mwigulu, dereva wa siku nyingi, amejilaza kwenye kivuli cha trela lake.

"Mayu Apolonia!" akapaza sauti. "Siku hizi unakaanga dagaa ndani ya gurudumu?"

"Cheka haraka umalize, Mwigulu. Kisha njoo uone."

Mwigulu akachungulia chini ya gari, akapiga ulimi. "Umekaza waya peke yake. Huku ndani ya drami, hili bakuli la chuma la gurudumu, viatu vya breki vimelika, viko mbali, wewe unavivuta kwa waya kama unamvuta ng'ombe kwa mkia. Waya ukiukaza hivyo, viatu haviachii hata ukishusha mkono. Anza na viatu. Waya ni wa mwisho."

"Ungeniambia mapema."

"Mapema ipi? Ulikuwa unatembea na jiwe, nikajua ni dawa."

Apolonia hakuona haya. Alikopa jeki palepale. Aliilegeza nati yake, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, mawe ya Isaka, akishukuru kwamba Bibi Mektilda hayupo kuyaona, akainua nyuma na kuweka magogo chini ya gari. Viatu vya upande uliofuka moshi vilikuwa vimebaki kama maganda, basi akanunua vipya vya pande zote mbili, akavifunga, akarudisha drami. Halafu akapitisha bisibisi kwenye tundu la nyuma na kusukuma kigurudumu kidogo chenye meno, jino baada ya jino, huku mkono mwingine ukizungusha gurudumu. Likaanza kukwaruza. Akarudisha kidogo, mpaka likazunguka huru na kunong'ona tu, kama mtu anayesengenya kanisani. Upande wa pili hivyo hivyo. Ndipo akarudi kwenye nati ya waya. Mkono chini, magurudumu yanazunguka. Mkono juu, kra, kra, kra, na mlio mwingine kidogo, magurudumu yote mawili kimya.

"Zungusha," akamwambia Mwigulu.

Mwigulu akazungusha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Nenda kaoe," akasema.

"Sioi mimi, anaoa Luka!"

Siku ya siku, pikapu ilipanda kile kilima na mtamba mwekundu nyuma, Samwel akimshika pembe na kusali kwa sauti. Luka alikuwa mbele, miguu imekaa palipokuwa pakikaa jiwe. Langoni walisimama Mzee Otmar na Bibi Mektilda, na nyuma yao boma zima.

Apolonia akavuta handbreki, akazima, akashuka. Akafungua viganja vyote viwili, akavigeuza mbele na nyuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Jiwe umelificha wapi?"

"Liko Ngokolo, limelala."

Mzee Otmar, aliyewahi kuendesha trekta la ushirika, alikohoa. "Gari likiwa kwenye gia hata mtoto atalisimamisha. Toa gia."

Luka akamtazama shangazi yake. Kilima kile kilikuwa kikali, na chini yake palikuwa na shamba la mihogo la mzee mwenyewe. Apolonia aliingiza mkono dirishani, akaitoa gia, akaitikisa ili wote waone iko huru. Mtamba akahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Gari likalia kidogo kwenye springi zake. Halikuondoka.

Bibi Mektilda akaweka ungo wake chini. Akaenda taratibu nyuma ya pikapu, upande wa mteremko, akageuka, akaliegemea kwa mgongo wake wote na kukunja mikono kifuani.

"Nimesimama hapa," akasema. "Likija, mtanizika nalo, na hamna mke."

"Egemea, bibi," Apolonia alisema. "Ukichoka nikuletee kiti."

Akaegemea, wanasema, mpaka mtamba akapata usingizi. Kisha bibi kizee akaanza kutikisika, watu wakadhani ni gari, kumbe anacheka. Akapiga kigelegele cha kwanza yeye mwenyewe, na boma likakipokea.

Walipewa maji, wakapewa na wali. Mazungumzo yalipokwisha na ng'ombe wa mahari kukubaliwa, Bibi Mektilda aliinua kidole akasema limebaki lake moja.

"Sema, mama," Mzee Otmar alisema.

"Lile jiwe. Yeye hana kazi nalo tena, na mlango wa banda langu la kuku hauna komeo. Siku ya harusi lije."

Likaja, juu ya paja la shangazi, limefungwa kitenge. Kuku wa Bibi Mektilda hawajaibiwa tena. Mkoba nao umetafutiwa msumari.