Mtihani wa Jikoni

Wifi yangu, mwalimu wa sayansi, huandaa masomo jikoni, vidole vikinuka siki. Kila jaribio humwonyesha kwanza mama yangu, mkwe wake, ambaye haachi kuchambua mchele kwa jambo dogo.

"Mama asipoinua macho, watoto watasinzia," husema, kisha hulitupa somo na kuanza upya.

Jana alitumbukiza yai kwenye bilauri ya maji, likazama.

"Mama, nitalipandisha bila kuligusa."

"Labda kwa uchawi."

Wifi akatia chumvi kijiko baada ya kijiko, akikoroga polepole, ulimi kaubana kwa meno. Yai likapanda. Mama akausukuma ungo kando, akamnyang'anya kijiko.

"Sogea huko! Na tukitia sukari, je?"

Wifi akarusha mikono juu kama aliyefunga bao.