Kitunga cha Samaki cha Nyumba ya Mwisho

Mwone kwanza akishuka kwenye gari la moshi, kwa sababu usipomwona akishuka hutaelewa hasira yake. Ni mwaka 1937, stesheni ya Élisabethville, joto lile la kabla ya mvua. Honorine Kalaba ana kinu kichwani, mtoto mgongoni, na mkononi kuku ambaye amesafiri kuliko makarani wengi. Nyuma yake anakuja mume wake, Rigobert Kunda, mkaza bolti wa reli, na sanduku la bati begani. Rigobert anatabasamu. Yeye hutabasamu kila anapojua kwamba mke wake hatatabasamu. Wengine wanaoshuka wanatazama mji na lile bomba refu la kiwanda linalotoa moshi. Honorine hatazami. Anauliza tu:

"Nyumba iko na mulango?"

"Iko," anasema Rigobert.

"Wa kufunga?"

"Wa kufungula, sana-sana."

Basi wakaingia kambi ya watu wa reli, nyumba ya mwisho, ile inayotetemeka gari linapopita.

Hasira yake ilikuwa hivi. Kila kampuni ilipompeleka Rigobert mahali, Honorine alilima nyuma ya nyumba, na kila alipolima, kampuni iliwahamisha kabla ya mavuno. Kule Bukama aliacha karanga zikiwa na maua. Tenke aliacha viazi vitamu. Sakania aliacha mahindi yameanza kutoa ndevu, na alilia ndani ya gari mpaka mkaguzi wa tiketi akampa nafasi ya dirishani. Kambini sheria ilijulikana: kinachobaki ni cha nyumba, na nyumba ni ya yule anayelala ndani. Kwa hiyo mahali fulani wanawake asiowajua walikuwa wanakula jasho lake, na hakuna hata mmoja aliyemtumia salamu.

Alikuwa amebatizwa, ndiyo. Alibatizwa Bukama ili aolewe kanisani. Lakini yeye alimwona Mungu kama kampuni: anajua majina ya watu wote, na anawahamisha bila kuwauliza. Misa alikwenda kila Jumapili, kwa kuwa kanisani tu ndipo mtu aliweza kukaa mahali pamoja bila mtu kumwambia afunge mizigo.

Hapo Élisabethville akaamua: hapa silimi, na sitoi kitu. Mvua ikaja, majirani wakashika majembe, yeye akakaa mlangoni akiwatazama kama mtu anayetazama watu wakimimina maji mchangani.

Noeli ilipokaribia, jirani yake Adolphine, mama mkubwa wa sauti na wa umbo, aliyekusanya matoleo ya akina mama wa kambi kwa ajili ya kanisa, alifika na sahani.

"Mama, kwa Noeli unatoa nini?"

"Nilishakutoa."

"Wapi?"

"Bukama. Tenke. Sakania."

Adolphine alifikiri kidogo. "Kule ni mbali, mama. Harufu haifike huku."

Akaondoka na sahani yake, bila kununa. Kumnunia mtu kulimchosha.

Siku chache baadaye, kamyo ya samaki kutoka Kasenga ilisimama karibu na reli. Dereva, jina lake Chileshe, alishusha kitunga kilichofungwa majani ya ndizi, akakiweka mbele ya Honorine.

"Weye njo mama wa hii nyumba?"

"Njo miye. Nani anatuma?"

"Miye sijue. Miye ni shofere. Bananiambia: nyumba ya mwisho, pa reli, kwa mama. Weye si mama?"

"Niko mama."

"Sasa?"

Honorine akafungua majani. Ndani mlikuwa na samaki wa makobo waliokaushwa kwa moshi, wanene, wamepangwa kichwa kwa mkia. Jioni Rigobert aliporudi aliwakuta wanachuruzika mafuta juu ya moto.

"Zinatoka wapi?"

"Bukama."

"Bukama hakuna makobo."

"Ni karanga zangu. Zilichelewa."

Rigobert alinawa mikono, akakaa kumega bukari, ugali wa kule. Yeye hakuwa mtu wa kubishana na samaki. Na Honorine alilala vizuri, mara ya kwanza tangu Sakania.

Asubuhi ya mkesha wa Noeli, Adolphine alipita. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi kwa pua.

"Aaa! Makobo za Virginie zilishakufika!"

"Za nani?"

Ndipo akaeleza, akiwa amekwisha kukaa bila kukaribishwa. Virginie ndiye aliyekuwa katika nyumba hiyo kabla ya kuhamishwa. Zamani alimlaza hapo mke wa mvuvi wa Kasenga, aliyeleta mtoto hospitali. Tangu hapo yule mama hutuma kitunga kila Noeli. Na Virginie hakukila. Alikipeleka kwa watu wapya kuliko wote kambini, kwa maana aliyefika juzi hana shamba, na mwezi wa kumi na mbili ni mwezi wa kula majani.

"Basi ni zangu," alisema Honorine. "Miye njo mugeni."

"Ulikuwa mugeni mupaka leo asubui. Kuko benye balifika na gari ya saa hizi. Beko ku nyumba ya pa pompi."

"Sheria ya kambi inasema kile kinabakia ni kya nyumba."

"Inasema vile. Kapita wa kambi atakupa haki. Hata mupe atakupa haki." Adolphine aliinuka. "Miye sisemi kitu, ba mama. Nilipita tu."

Hapo ndipo ubaya ulipo. Angemlazimisha, Honorine angekataa na kufurahi. Lakini kila mtu alimpa haki, hata padri ambaye hakuulizwa. Alibaki na haki yake na samaki wake. Mwisho akajitwika kitunga, akiambia nafsi yake kwamba anakwenda kutazama tu.

Pa pompi, kwenye nyumba iliyo karibu na bomba la maji, alimkuta msichana aitwaye Wivine, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ananyonyesha. Mizigo yote bado imefungwa.

"Pokea," alisema Honorine, kwa sauti ya mtu anayenyang'anya.

Wivine alitazama. "Hapana, yaya," alisema, kama anavyoitwa dada mkubwa. "Sipokei."

"Aje, hupokei?"

"Sahani ya mutu hairudie bule. Siko na kitu cha kurudishia. Na mbele ya kupata, ba kampuni batatuhamisha tena. Nitakuwa mutu ya kula ya benzake na kukimbia."

Honorine alikuja bila kutaka kutoa, sasa alijikuta anagombana ili apokelewe. Walisukumana kitunga pale mlangoni mpaka mtoto akaacha ziwa ili atazame.

"Sikia, weye mutoto!" alifoka Honorine. "Hii kitunga haiko yangu! Hutanirudishia miye. Utarudishia ule atakuya nyuma yako!"

Aligeuka kidogo, kama kuangalia ni nani aliyesema.

Wivine akapokea kwa mikono miwili. Akainua majani. "Yaya, huku juu kuko nafasi."

"Ni panya," alisema Honorine, na akaenda nyumbani kubandika majani ya maboga.

Kesho yake kanisani mupe alisoma habari anayosoma kila mwaka, lakini Honorine aliisikia upya. Serikali iliandika watu, wakahamishwa, na mwanamke mwenye mimba akazalia mahali ambapo hapakuwa pake. Na watu wasiomjua wakaleta vitu. Honorine alipiga magoti, na wengine waliposimama yeye alisahau kusimama. Rigobert alidhani anaumwa.

Baada ya hapo akashika jembe. Majirani walimcheka kwamba amechelewa, akawajibu kuwa mwenye kula hajafika. Mahindi yake yalikuwa kimo cha goti Rigobert aliporudi siku moja akitabasamu sana.

"Wapi?" aliuliza Honorine.

"Kamina."

Aliendelea na mstari wake mpaka mwisho. Siku ya safari, Adolphine alimsindikiza stesheni, amembebea kuku.

"Yaya, yule atakuya mu nyumba yako, nimuambie mbele habari ya kitunga? Virginie alinikatazaka kukuambia weye mbele ukule."

Gari lilipiga filimbi. Honorine alipanda, akapokea kuku wake, akatoa kichwa dirishani, akafikiri mpaka magurudumu yakaanza kuzunguka.

Wewe ungemjibu nini Adolphine: amwambie, au amwache ale kwanza?