Barua Isiyo na Jina

Jumuiya yetu ya Mirongo husali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba kwa zamu, ili watu wawahi shughuli zao. Siku hiyo ilikuwa zamu ya kwetu. Mama alikuwa amepika chai ya maziwa na viazi vitamu, nami nilikaa karibu na mlango na daftari la katibu mapajani. Ukatibu nilipewa wiki ileile niliyorudi kutoka chuo kikuu. Hakuna aliyepiga kura. Mwenyekiti alinisukumia daftari akasema, "Msomi, shika," na mimi, nisiyejua kukataa jambo dogo, nikashika.

Somo lilikuwa la Musa mbele ya kichaka kinachowaka bila kuteketea. Nalipenda somo hilo kwa sababu isiyo nzuri sana: napenda visingizio vyake. Mwenyekiti alipouliza nani ana neno, nilijikuta nimeshaanza kusema. Nikasema Musa alitoa sababu tano za kutokwenda, na zote zilikuwa za maana. Yeye ni nani hata asimame mbele ya mfalme. Watu wakimuuliza aliyemtuma anaitwa nani, aseme nini. Wasipomwamini, je. Ulimi wake ni mzito. Na mwisho, alipoishiwa, akaomba tu atumwe mtu mwingine. Nikasema hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya kweli, zile nne zilikuja kuisindikiza.

Watu wakacheka. Jirani yetu, nesi mstaafu, hakucheka. Alimaliza kumeza kiazi chake kwanza.

"Mmemsikia?" akasema. "Tulikuwa tunahangaika bure. Huyu hapa."

Nilijua anazungumzia nini, kwa sababu ajenda nilikuwa nimeiandika mwenyewe. Usharika ulikuwa umeomba kila jumuiya ipendekeze kijana mmoja wa kusomea uinjilisti kwa miaka miwili. Kuna mtaa mpya ng'ambo ya Usagara, watu kama thelathini wanaosali chini ya turubai. Mwinjilisti wetu, ambaye ni mzee, huenda pale Jumapili moja kwa mwezi akipata usafiri. Jumapili nyingine watu wale huimba nyimbo wanazozijua, husubiri, kisha hurudi makwao. Atakayesoma angepelekwa huko.

"Mimi?" nikauliza.

"Kwani kuna mwingine aliyeongea?"

Wakapiga makofi. Nikatafuta uso wa mama, nikaona anapanga vikombe kwa bidii ya mtu asiyetaka kutazamwa. Nikamtazama kijana anayetufundisha kwaya, ambaye siku za kazi huendesha bodaboda. Yeye alipiga makofi kama wengine, halafu akainama kufunga kamba za viatu.

Kwa kawaida katibu huandika barua, mwenyekiti huisoma, huisaini, na katibu huipeleka ofisi ya usharika. Ila mwenyekiti alikuwa amepata msiba kwao Bukoba na alisafiri mchana uleule. Alipita nyumbani na begi begani, akakuta nimeandika nusu.

"Niwekee hapo nisaini kabisa, mwanangu. Mwisho ni Ijumaa."

"Sijamaliza, baba."

"Utamalizia. Wewe si ndiye katibu?"

Akasaini chini kabisa ya karatasi. Juu ya saini yake barua ilisema kwamba baada ya sala na majadiliano wanajumuiya kwa kauli moja wamempendekeza, halafu zikafuata nukta nilizoziweka kwa rula. Nilikuwa nimejiambia naziweka ili jina lipate kukaa vizuri. Huo ndio uongo wa kwanza wa wiki ile, na niliyedanganywa ni mimi mwenyewe.

Nilikaa na karatasi hiyo tangu Jumamosi. Kila nilipoichukua nilipata sababu mpya. Jumapili sababu ilikuwa kwamba Mungu hakusema chochote. Waliosema ni majirani wanane, na mmoja wao alikuwa anatafuna. Musa aliona moto, akaitwa kwa jina lake mara mbili. Mimi niliitwa "huyu hapa". Jumatatu nikajiuliza ni nani amesema lazima Mungu awe na sauti yake, kwamba hawezi kupitia kwa nesi mstaafu. Jumatatu hiyohiyo jioni nikajijibu kwamba mtu akianza kufikiri hivyo, kila anayemtuma dukani atakuwa nabii. Nilikuwa nimeomba kazi sehemu kumi na moja. Je, zikiitika zote siku moja? Je, isiitike hata moja, nikaenda Usagara kwa sababu tu sina pa kwenda? Watu wale chini ya turubai wataletewa mtu aliyewachagua, au mtu aliyekosa kazi?

"Wewe unawaza kwa sauti hata ukinyamaza," mama akaniambia. Alikuwa anamenya ndizi, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake na kisu, sijamenya hata moja. "Unataka au hutaki?"

"Sio suala la kutaka, mama."

"Mimi nimeuliza swali dogo. Wewe kila kitu unakipeleka chuoni."

"Wewe ungetaka niende?"

Akaendelea kumenya. "Mimi nilikusomesha ukae ofisini," akasema baadaye. "Nikisema nenda, nitakuwa nadanganya. Nikisema usiende, naogopa. Usiniulize mimi."

Jumatano asubuhi nikamwambia naenda Sengerema kumsalimia dada yangu, ambaye ni mwalimu huko. Nikapanda kivuko. Barua ilikuwa ndani ya kitabu, kitabu ndani ya mkoba. Tulipoondoka gatini ndipo nilipokumbuka yule nabii mwingine, aliyetumwa upande mmoja akalipa nauli ya kwenda upande wa pili kwa meli, na yaliyompata. Nikashika chuma cha ukingoni. Nikaangalia mawingu. Hakukuwa na mawingu. Ziwa lilikuwa limetulia, mawe makubwa ya Mwanza yakirudi nyuma taratibu, na mimi peke yangu kati ya watu wote wale nilikuwa natafuta dhoruba.

Mama mmoja aliyekaa juu ya tenga la nyanya alikuwa ananitazama.

"Binti, umeanza kutapika?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umeshika chuma kama kinataka kukukimbia? Maji yenyewe yametulia hivi."

"Ndiyo hayo yananitisha," nikasema.

Akaangua kicheko, akamgusa mwenzake. "Sikia huyu. Yakichafuka ataogopa nini sasa?"

Swali lake lilinisumbua kuliko dhoruba. Yule nabii alau alipata upepo. Watu wakamuuliza umefanya nini, akalazimika kusema. Mimi nikikimbia hakuna atakayeniuliza. Ijumaa itapita, nafasi atapewa kijana wa jumuiya nyingine au itakaa bure, na mwenyekiti akirudi nitamwambia barua ilichelewa. Ataniamini. Tulipofika ng'ambo sikwenda kwa dada. Nilisimama pale watu wanaposhukia, nikasubiri kivuko kilekile kigeuze.

Njiani kurudi nilipata wazo ambalo lilinifurahisha kwa karibu nusu saa. Barua ilikuwa na saini tayari. Nukta hazikusema jina la nani. Kwa nini nisiandike la mwalimu wa kwaya? Yeye ndiye humpeleka mwinjilisti Usagara kwa pikipiki ile Jumapili moja ya mwezi. Watu wa kule wanamjua. Anasali bila karatasi. Nikaanza kuona kwamba labda wito ulikuwa wake, ukapotea njia ukaangukia kwangu, na kazi ya katibu ni kusahihisha.

Nilimkuta kijiweni, amekaa ubavu juu ya pikipiki, anapangusa kioo kwa fulana. Nikamweleza yote haraka, pamoja na ile habari ya saini. Nilitegemea afurahi, au akatae kwa unyenyekevu. Aliendelea kupangusa.

"Kwa hiyo unataka kunipa," akasema.

"Ni wito wako. Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua, ila hawakunitaja. Unafikiri kwa nini hawakunitaja, dada?"

Akaitungika fulana begani.

"Chuo kinataka cheti cha kidato cha nne. Mimi niliishia cha pili. Jumuiya nzima inajua hilo, wewe tu hukukaa nyumbani miaka hiyo. Siku ile nilipiga makofi. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Mikono ilikuwa inauma." Alicheka, lakini si sana. "Haya, niandike. Wakiniuliza cheti, utawapa chako?"

"Samahani, kaka. Sikujua."

"Usiniombe samahani. Mimi wale watu nawaona. Tukimpeleka mzee, tunawakuta wamefika tangu saa mbili. Wiki ambazo hatuendi, wanafika saa mbili vilevile. Kuna bibi mmoja huwa ananiuliza, mwalimu, yule mtu wenu wa kudumu mmeshampata? Nimemwambia tunatafuta. Sasa nikienda nimwambie nini? Kwamba amepatikana, ila bado anahesabu sababu za Musa?"

Mwenzake wa kijiweni, ambaye hakujua tunazungumza nini, akadakia: "Dada, panda basi twende, mbona unamlilia mwalimu?" Wengine wakacheka. Sikuwa nalia. Nadhani sikuwa nalia.

Ningependa kuandika kwamba nilitoka pale nikiwa na amani. Sikuwa nayo. Nilikuwa na aibu, na nikakaa Alhamisi nzima nikijiuliza kama mtu anaweza kwenda kumtumikia Mungu kwa sababu ya aibu. Nikajibu hapana. Nikajibu pengine ndiyo. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika: nilikuwa nimeishiwa sababu. Nilikuwa nimefika kwenye ile ya tano, nikamwendea mtu niliyetaka atumwe badala yangu, na yeye ndiye aliyenirudisha.

Ijumaa saa nane nilikwenda ofisi ya usharika. Karani alikuwa dada wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Nikamwomba kalamu. Nikaandika jina langu juu ya zile nukta, nikiwa nimesimama, karatasi ikiwa imeegemea kaunta yake. Halikukaa vizuri hata kidogo. Lilipanda juu upande wa mwisho.

Akasoma barua, akanyanyua miwani.

"Huyu aliyependekezwa yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Si wewe ndiye katibu?"

"Ni mimi vilevile."

"Aisee." Alinitazama, akatazama jina lililopinda, akatazama wino wake ambao ulikuwa bado haujakauka. Nilidhani ataniuliza. Badala yake akavuta droo akanipa fomu. "Jaza hapa hapa. Nafunga saa tisa, na mchungaji anazihitaji leo."

Fomu ilianza kwa upole: jina, umri, elimu, nambari ya bahasha ya sadaka. Katika elimu niliandika kwa haraka, bila fahari niliyokuwa nayo zamani. Kisha likaja swali moja katikati ya ukurasa: eleza jinsi ulivyopata wito wako. Chini yake mistari mitatu.

Nilikaa na mistari hiyo mpaka karani akaanza kufunga madirisha. Nilifikiria kuandika kwamba tangu utotoni nilisikia. Nilifikiria kuandika kuhusu moto. Najua kuandika, ningeweza kuijaza mistari mitatu kwa maneno mazuri na hakuna ambaye angejua.

"Bado?" karani akauliza.

"Swali hili."

"Hilo huwachelewesha wote. Wengine wanaandika mpaka nyuma ya karatasi. Wewe andika ilivyokuwa."

Nikaandika kwamba majirani walinitaja Jumamosi, na nilikataa hadi Ijumaa. Nikaandika kwamba sijasikia sauti yoyote. Mstari wa tatu nikaandika kwamba kuna watu wanafika saa mbili.

Karani akachukua fomu, akaisoma kwa midomo bila sauti. Alipofika mwisho akarudi mwanzo wa mistari ile, akaisoma tena.

"Umesahau kusaini," akasema.

Nikasaini.