Mafuta ni ya Nani?

Bwire alipata ubunge kwa swali moja. Kuanzia Khunyangu hadi Malaba, mpakani na Uganda, alinguruma, ngumi juu: "Mafuta ni ya nani?" Umati ukaitikia, "Ni yetu!" Naye akamalizia, "Basi tuchote!" Matajiri walimwita mkomunisti, akafurahi kweli kweli. Alitaka faida ya mafuta imfikie mlalahoi, basi. Bungeni alizikaba koo kampuni za mafuta, hata serikali ikamtuma Kampala kujadili bomba la mafuta, amevaa tai aliyozoea kuikejeli.

Alikuwa huko kwenye meza ya mazungumzo lori la mafuta lilipopinduka karibu na Malaba. Watu walitoka mbio na mitungi na sufuria. Dereva aliwasihi akilia, "Msichote! Rudini nyumbani!" Wakamcheka. Zilpa, muuza ndizi, akapaza sauti, "Mafuta ni ya nani?" Wote wakaitikia huku wakichota. Ndipo moto ukalipuka.

Waliokufa, Zilpa akiwemo, walizikwa kaburi moja, maana hakuna aliyeweza kumtambua wake. Bwire alifika na hotuba mfukoni. Kabla hajaitoa, mama yake Zilpa alimshika mkono, akamuuliza kwa upole, "Mheshimiwa, mafuta yalikuwa yetu. Na hawa, ni wa nani?"

Hotuba ilibaki mfukoni, na jukwaani hakupanda tena. Siku hizi anakaa mtaa wa Burumba, malori ya mafuta yakipita mbele ya nyumba yake kuelekea mpakani. Jirani akibeba ndoo humuuliza, "Mzee, nikuchotee maji?"

Bwire huizuia ndoo kwa mkono.

"Usichote, mama. Rudi nyumbani."