Hina Iliyoungua kwa Mwanga

Siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ya arusi ya Zuhura binti Hamadi kule Kiuyu, wakati kamera za dijitali za kaseti ndogo ndiyo kwanza zimeanza kuonekana mikononi mwa watu hapa Pemba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kamera nililetewa na kaka yangu aliyekuwa baharia wa meli za mizigo, na kwa vile wanaume hawaingii pale anapoonyeshwa bi arusi, mwanamke mwenye kamera alitafutwa kama tabibu. Nilitoka kwetu Tibirinzi nikaitwa Mgogoni, nikaitwa Kiuyu, nikaitwa hata mwahala nisikokuwa na jamaa. Sifa zikanijia mapema kuliko elimu, na hilo ni janga la peke yake.

Nilikuwa na siri yangu. Ubavuni mwa kamera ile kulikuwa na kigurudumu kidogo cha kuongeza na kupunguza mwanga unaoingia. Ukikizungusha mbele, picha inatakata. Chunusi zinapotea, mikunjo inapotea, mweusi anakuwa maji ya kunde, na wa maji ya kunde anakuwa kama katoka ng'ambo. Wanawake wakijitazama kwenye televisheni wanafurahi, wanaambiana kamera ya Salma inatakatisha. Nami nikaona hiyo ndiyo kazi. Ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini anayeipiga huwa wa mwisho kujua.

Kamera yenyewe ilikuwa ikinionya. Mwanga ukizidi mahali, kwenye kioo chake hutokea milia myembamba inayotembea, kukuambia kwamba hapa pameshaungua. Milia ile ilinikera. Nikatafuta namna ya kuizima, nikaizima. Mwanangu, ukiona mtu anatafuta pa kuzimia onyo, ujue anguko lake haliko mbali.

Sasa nikwambie habari za watu wa arusi ile. Zuhura alilelewa na bibi yake, Bi Raya, mama yake baba yake. Baba mtu, Hamadi, alikwenda Maskati kufanya kazi Zuhura ana miaka sita, na alikuwa hajarudi. Alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya. Alituma alichokuwa nacho, akapiga simu kila Ijumaa, na kila mwaka alisema mwakani. Mwakani ikawa miaka kumi na mitatu. Arusi ya mwanawe ilipofika hakupewa ruhusa, na kwa hivyo kaseti yangu ndiyo ingekuwa macho yake.

Bi Raya alikuwa mpakaji hina. Si wa kuchora maua ya kwenye vitabu. Alikuwa na ua lake mwenyewe, mti wa kilua unaopanda kutoka kiganjani hadi kwenye kifundo, na vitone vitatu mwisho wa kila tawi. Waliopakwa naye walijuana kwa vitone vile. Lakini alipompaka Zuhura mkono ulikuwa umeshaanza kutetemeka. Kazi ya asubuhi moja ilimchukua siku mbili. Nilikuwapo siku ya pili, nikamwona anavyoushika mkono wa kulia kwa wa kushoto ili utulie, anachora tawi moja, anapumzika. Alipomaliza akaniita karibu.

"Mwanangu Salma," aliniambia, "mkono huu haupaki bi arusi mwengine. Hamadi kakua akiiona kazi hii. Muoneshe."

Nikamwambia inshallah Bi Raya, ondoa wasiwasi. Ahadi ni deni, lakini ujana huiona kama salamu ya kupita.

Alasiri Zuhura akatolewa, akakalishwa kwenye kiti kilichopambwa, nguo nyeupe yenye nyuzi za dhahabu, mikono juu ya mapaja ili hina ionekane. Zuhura ni mweusi, mweusi wa kung'ara, kama bibi yake. Nyuma yake palikuwa na dirisha wazi, na mimi nina taa yangu juu ya kamera. Nilipoangalia kiooni uso wake niliuona umeingia kiza kwa sababu ya dirisha lile. Mwenye kujua angemhamisha bi arusi, au angalau angeteremsha pazia. Mimi nikazungusha kigurudumu. Kisha nikazungusha tena, kwa kuwa ni bi arusi na bi arusi lazima awapite wote. Kile kioo kidogo, ukikitazama kwenye mwangaza wa mchana, hukudanganya. Picha iliyoungua unaiona nzuri tu. Bi Raya alipokuja kumbusu mjukuu wake nikawachukua wote wawili hivyo hivyo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kaseti ikahamishiwa kwenye diski, diski ikachukuliwa na msafiri. Baada ya wiki kama tatu nikaambiwa Hamadi kaipata na atapiga simu Ijumaa. Nikenda Kiuyu kwa makusudi, na sitakuficha, nilikwenda kupokea sifa. Tukakaa ukumbini, Bi Raya, Zuhura na mimi, simu ikawekwa sauti ya nje.

Hamadi alisalimu kwa adabu, akaomba dua kwa maarusi. Kisha akasema jambo lililotufanya tutazamane.

"Mama nimemuona. Alhamdulillahi, uso hauna hata mkunjo, ni vile vile nilivyomuacha. Nilikuwa nina khofu, sasa imeniondoka. Hapa wananitaka nitie saini miaka mitatu mingine, basi n'tatia."

Hamadi akaendelea, safari hii kwa sauti ya mtu anayeuliza asichotaka kuuliza.

"Lakini Zuhura yuwapi? Huyu mliyemkalisha kitini simjui. Na hina ya mama iko wapi? Nimeitafuta mikononi mwake, sikuiona."

Zuhura alijibu maneno ya kumtuliza, kwamba huenda ni televisheni ya huko. Simu ilipokatwa Bi Raya akataka aoneshwe ile diski, kwani alikuwa hajaitazama. Siku zile macho yake yalikuwa yakimuuma. Akasogea karibu mno na televisheni. Akauona uso wa mjukuu wake, bapa kama sahani. Akaiona mikono, myeupe mitupu kama iliyochovywa ndani ya unga. Si kilua, si tawi, si kitone. Akajiona na yeye, bibi wa miaka sabini na kitu aliyegeuzwa kijana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilidhani atanikaripia, nikajiandaa kwa udhuru wa dirisha. Hakunikaripia.

"Hukututakia vibaya," alisema. "Umetutakia uzuri. Lakini uzuri huu wako, mwanangu, umetufuta. Hamadi kaambiwa mie mzima, na hakuna aliyemwambia ila wewe."

Nimesemwa mengi katika kazi yangu, mengine kwa matusi. Hilo ndilo lililobaki.

Siku ya pili yake nikenda mjini Chake kwa kijana mmoja mwenye kompyuta ya kukatia video. Nikamwomba apunguze mwanga, hina itoke. Akapunguza. Pale palipokuwa peupe pakawa kijivu, rangi ya jivu la jiko, na hina haikutoka. Akazidi kupunguza, jivu likazidi kukoza. Ndipo nilipofahamu jambo ambalo lilikuwa limeandikwa katika kitabu cha kamera na mimi nilikuwa nimelipita: picha iliyoingia kiza kidogo huweza kufichua kitu ukiinyanyua mwanga, ingawa itakuwa na chengachenga, lakini iliyoungua haina kitu ndani yake. Kamera haikuiandika hina ya Bi Raya, basi hakuna wa kuisoma. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nilirudi Kiuyu nikawaomba radhi, nikaomba nichukue tena. Arusi hairudiwi, hilo nililijua. Nilichotaka ni Zuhura akae tu na nguo za nyumbani, ajitambulishe kwa baba yake. Hina yake ilikuwa imeshafifia, imebaki kama kutu. Bi Raya akaenda chumbani akarudi na kibakuli na kijiti chake. Akasema atampaka mkono mmoja, mbele ya kamera.

Walikaa mlangoni kwa sababu Bi Raya alihitaji mwanga wa kuonea. Nikaiwasha ile milia niliyoizima. Uani jua lilikuwa kali, ukuta wa jirani umepakwa chokaa, na ndani ya mlango watu wawili weusi. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe huutazama ule ukuta, ikaogopa, ikafunga mwanga, na watu wangu wakawa vivuli. Nikiufungua mno, ndiyo yale ya arusi. Nikawaomba wageuke, wauangalie ua badala ya kuupa mgongo, nami nikaupa mgongo ukuta. Ukuta ukatoka katika picha, jua lililorudi kutoka kwenye chokaa likawapiga usoni taratibu. Nikasogeza kamera hadi ukajaa uso wa Bi Raya peke yake, nikazungusha kigurudumu polepole mpaka nikauona kila mkunjo, na milia haipo popote ila kwenye ncha ya ushungi wake mweupe. Ushungi nikauachia. Mtaka yote hukosa yote, na Hamadi hakuwa akiutafuta ushungi.

Nikarudi nyuma mpaka mikono nayo ikaingia, Bi Raya akaanza kuchora. Mkono ulitetemeka vibaya kuliko mwanzo. Tawi la kilua likenda upande, vitone vikagusana. Nikaona aibu kwa niaba yake, na kidole changu kikenda kwenye kigurudumu, kidogo tu, kulainisha. Sijui alijuaje. Hakuinua hata kichwa.

"Wacha," alisema. "Aone ulipofika mkono wa mamake."

Nikauondoa mkono. Nilichukua nusu saa nzima pasi na kukigusa tena. Zuhura mwishoni akanyanyua kiganja mbele ya kamera, akasema, "Baba, ndimi Zuhura," nami nikazima.

Diski hiyo nayo ikasafiri. Ijumaa yake Hamadi hakupiga simu, wala ya pili yake. Tukadhani kachukizwa. Ijumaa ya tatu alipiga, lakini hakuwa Maskati. Alikuwa Unguja bandarini akisubiri boti ya Pemba, na saini hakuitia. Siku hiyo sikuwapo, haya nimehadithiwa na Zuhura. Aliingia ndani na mikoba yake, akampita kila mtu, akakaa chini mkekani mbele ya mama yake, akaushika ule mkono. Akamuuliza, "Umeanza lini kutetemeka, mama?" Bi Raya akamjibu kwamba ni muda, na kwamba chakula kipo.

Aliishi naye miezi minane. Bi Raya alipofariki, mwanawe ndiye aliyemshusha kaburini. Diski ya arusi sijui iko wapi. Ile ya mlangoni Hamadi anayo, na mara moja kwa mwaka huniletea niione kama bado inacheza.

Sasa mwanangu, nakuona na simu yako, ambayo ina kamera iliyo bora mara nyingi kuliko yangu ya siku zile, na sina wivu. Sikiliza, halafu ufanye utakavyo. Kabla hujawasha, jiulize nini katika picha hii kikipotea hakilipiki. Ni uso? Ni mkono? Ni maandishi ya zamani ukutani? Ukishakijua, weka kidole chako hapo kwenye kioo ili simu ipime mwanga wa hapo, kisha uuzuie usibadilike ovyo, maana mtu mwenye kanzu nyeupe akikatiza tu, simu itaogopa na kumtia kiza uliyemkusudia. Ukitatizika, punguza mwanga kidogo kuliko kuzidisha. Usikiamini kioo ukiwa juani. Tafuta kivuli, utazame tena. Na mwanga ukikushinda, usibishane nao kwa kuzungusha vigurudumu: msogeze mtu, mgeuze, omba pazia literemshwe. Watu hawakatai kusogea wakiombwa kwa heshima.

La mwisho, na hili halimo katika kitabu cha kamera yoyote. Usimng'arishe mtu asiyekuomba, na hata akikuomba, mkumbushe kwamba kuna anayempenda kwa rangi hiyo hiyo aliyoumbwa nayo na mikunjo hiyo hiyo aliyoipata. Picha yako itakwenda usikokwenda wewe, itatoa ushahidi nawe hupo kusahihisha. Mwenye kutoa ushahidi haongezi.

Mwenyezi Mungu akupe jicho lenye insafu na haki, na mkono unaojua pa kuishia. Akuhifadhie wazee wako mpaka uwaone, na uwaone kama walivyo. Amin.